Bandari Kwanza, Chumba Baadaye
Familia inayopanga safari ya meli ya Disney kutoka Florida huanza kwa kuulizia mabwawa na maonyesho ya Mickey. Mwenye kiti cha magurudumu aanze na bandari. Castaway Cay, huko Bahamas, meli hufunga gatini. Grand Cayman, meli hutia nanga nje na abiria huvushwa kwa mashua, na bahari ikichafuka mwenye kiti hubaki melini wanawe wakishuka. Wapo watakaosema vyumba vyenye milango mipana ni vichache, kwa hiyo chumba kitangulie. Ni vichache kweli, lakini chumba hakijengi gati. Wala sheria haitoshi: mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya haki za watu wenye ulemavu inazihusu hata meli zenye bendera za kigeni, ila haidai mabadiliko yanayohatarisha usalama. Kabla ya kulipa, uliza kila kituo: gati au mashua?