Mke na Mume Katika Ziara ya Kunduchi

Miongoni mwa habari alizotusimulia shemeji yangu, aliporejea na mkewe kutoka Tokyo walikokuwa kwa masomo, hapana iliyotugusa, mimi na mke wangu, kuliko habari ya namna wanandoa wengi wa Kijapani wanavyoitumia siku yao ya mapumziko: kwamba huvaa vizuri, wakafuatana kwenda kuzuru mahekalu ya dini yao ya asili iitwayo Shinto, kisha wakatafuta mahali patulivu pa kula, wakala kwa kitambo kirefu pasipo haraka, na kurejea nyumbani jua limekwisha tua. Sisi wa Mbagala, ambao aghalabu Jumamosi yetu huishia sokoni, msibani au shughulini, tuliisikiliza habari hiyo kwa hamu ya watu waliokumbushwa haki yao.

Hekalu walilolizuru wao ni Meiji Jingu, lililofunguliwa mwaka 1920 kwa kumbukumbu ya Mfalme Meiji na mkewe Shoken, likaungua kwa mabomu ya vita mwaka 1945, na likajengwa upya hata likakamilika mwaka 1958. Limezungukwa na msitu wa hekta 70 hivi katikati ya jiji lenye watu wengi kupita kiasi, na la kustaajabisha ni kwamba msitu huo haukuwapo tangu azali: miti ipatayo 100,000 ilitolewa hidaya na watu wa kila pembe ya Japani, ikapandwa kwa mikono ya vijana waliojitolea, kwa mpango wa wataalamu waliokusudia kwamba utafika wakati msitu ujilee wenyewe bila ya mtunza bustani. Mgeni huingia kwa kupita chini ya lango la magogo liitwalo torii, naye huinamisha kichwa kabla ya kupita, akaiacha katikati ya njia kwa staha ya wenye mahali. Hufika penye birika la maji, akachota kwa upawa, akaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akasukutua. Na mbele ya hekalu hutumbukiza sarafu, akainama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akaitaja haja yake moyoni, kisha akainama mara moja tena. Muislamu wa pwani, ambaye hasimami mbele ya Mola wake bila ya udhu, hawezi kusikia habari ya maji yale akaiona ngeni.

Dini hiyo haina mtume aliyeianzisha wala kitabu kimoja cha kuihukumia. Wafuasi wake huwaheshimu kami, yaani roho takatifu, ambao wamo katika milima, katika maporomoko ya maji, katika miti mikongwe na katika roho za wahenga. Mti uliozeeka hufungwa kiunoni kamba nene ya mabua ya mpunga, yenye kuning'inizwa karatasi nyeupe, ili kila apitaye ajue kwamba mti ule hauguswi kwa shoka. Shemeji alipolieleza hilo, mke wangu alicheka kwa furaha akasema, "Ndugu yangu, huo si mbuyu wa kwetu uliovikwa vitambaa vyeupe na vyekundu?" Kisha akanigeukia mimi. "Baba watoto, kwani sisi hatuna pa kuzuru mpaka tupande ndege?"

Swali hilo ndilo lililotutoa nyumbani Jumamosi moja mapema, tukapanda daladala ya kwenda Makumbusho. Msafiri wa njia hiyo, akiwa na jicho la kutazama, huiona Japani kabla hajafika popote: barabara ya Kilwa iendayo Mbagala ilipanuliwa kwa msaada wa watu wa nchi hiyo, na kadhalika barabara ya Mwenge hadi Tegeta, pale Tazara ukifuata barabara ya Mandela unapita chini ya daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada uleule, na gari lenyewe ulilopanda, lililokwisha maliza ujana wake kwao kabla ya kuvushwa bahari, bado lina juu ya mlango maandishi ya Kijapani ambayo kondakta na abiria wamekaa nayo miaka mingi pasipo kuyasoma. Tumepokea kwao barabara na magari, na tumefanya vema kupokea. Walakini adabu yao ya kustahi mahali pa kale haikuja na meli, na hiyo ndiyo naitamani zaidi, hasa kwa kuwa nayo ilikuwa yetu.

Makumbusho tulibadili gari, tukashuka Mtongani, tukachukua bajaji ya kuteremkia pwani. Magofu ya Kunduchi yamo kati ya mibuyu na vichaka, si mbali na makazi ya watu, na asiyeambiwa huweza kupita njia ile miaka kumi asijue kwamba kando yake kuna msikiti wa karne ya 15 au ya 16, ambao kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zingali zimesimama kwa sehemu, na kuuzunguka kuna makaburi ya karne ya 18 yenye minara, kama yale yaonekanayo katika miji ya kale kuanzia Lamu hadi Kilwa. Wenye makaburi hayo walikuwa watu wa mali na sharafu, na jamaa zao waliyapamba kwa kupachika katika chokaa mabakuli na sahani za kauri zilizoletwa na biashara ya bahari kutoka China. Nyingi zimebanduliwa na mikono ya watu, na mahali pake pamebaki vishimo vya duara. Nimesimama mbele ya vishimo vile nikaona uchungu usio na namna, kwa sababu aliyebandua bakuli la kaburini hakuchukua bakuli tu, bali alichukua salamu ya mtoto kwa babaye.

Mke wangu ndiye aliyesema kwamba, maadamu ni msikiti, hata kama umeezuliwa na karne, haifai tuingie kama tuingiavyo sokoni. Tukavua viatu, tukatia udhu kwa maji tuliyoyachukua katika chupa, tukasimama panapoelekea kibla, tukawasomea Fatiha waliolala pale, ambao hatuwajui nao hawatujui. Mtu wa dini nyingine angesimama kimya tu, na kimya chake kingetosha. Zaidi ya mlinzi, aliyetupokea kwa upole, hatukumwona mtu mwingine tangu tulipofika hata tulipoondoka, na huko ufukweni, mwendo mfupi kutoka hapo, mahoteli yalikuwa yamejaa na muziki ukisikika.

Napenda nieleweke vizuri katika jambo hili, kwa kuwa wapo watakaodhani kwamba nawaita watu warudi katika matambiko. Kuzuru si kuabudu, na kumstahi aliyetangulia hakumwondolei mtu imani yake. Wazaramo, wenye ardhi hii iliyojengwa Kinondoni na Temeke, walikuwa Waislamu kwa vizazi na huku wakiyajua makaburi ya wazee wao na kuyafagia. Na kabla ya hapo, na hata baadaye, walipeleka maombi yao ya mvua na mavuno mbali sana, kwenye pango la Kolelo katika milima ya Uluguru. Mwanamke msomi wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikaa Bunju, mbele kidogo ya Kunduchi katika barabara ya Bagamoyo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akajifunza kwa wanawake wa pale maana ya mwali, ya mti wa mkole na ya tambiko, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Leo Bunju ni mji wa maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba za ghorofa, na kijana aliyezaliwa hapo akitaka kujua bibi yake aliuheshimu mti gani, huenda akalazimika kukitafuta kitabu cha mgeni kutoka Ulaya.

Wala Wajapani hawakuyahifadhi mahekalu yao bila ya kuteleza. Mwaka 1906 serikali yao iliamuru mahekalu madogo ya vijijini yaunganishwe na makubwa, kwa hoja ya kupunguza gharama na kuweka utaratibu, na katika muda wa miaka michache mahekalu yapatayo 70,000 yakafutwa, na vichaka vyake vitakatifu vingi vikakatwa, mbao zikauzwa. Aliyesimama kupinga ni Minakata Kumagusu wa Wakayama, mtaalamu wa mimea na mapokeo ya watu, aliyewahi kufanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Aliandika barua na makala bila ya kuchoka, akabishana na maofisa, hata mwaka 1910 akatiwa kizuizini. Hoja yake ilikuwa kwamba ukikata kichaka cha hekalu umeua kwa pigo moja miti, ndege, mapenzi ya watu kwa kijiji chao, na kumbukumbu. Miongoni mwa alivyovipigania ni kisiwa kidogo cha Kashima, kilicho karibu na mji wa Tanabe, na mwaka 1929 Mfalme wa Japani mwenyewe alikanyaga kisiwani hapo, Minakata akiwa ndiye wa kumweleza habari ya viumbe vyake. Nilipoitazama Mbudya kutoka ufuo wa Kunduchi, kisiwa ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kiliwekwa chini ya hifadhi ya bahari mwaka 1975, niliwaza kwamba sisi tumejua kukilinda kisiwa na matumbawe yake, na kwamba magofu yaliyo mkabala nacho yanastahili watu wa kuyapigania vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye chakula, nacho si jambo la kando. Shemeji alitueleza kwamba mbele ya kami huwekwa mchele, chumvi, maji na pombe ya mchele, na baada ya ibada vyakula vile hugawanywa, watu wa hekalu wakakaa mezani wakala pamoja, na kula huko ni sehemu ya ibada yenyewe. Nilipolisikia hilo nilikumbuka khitma zetu, ambapo msomaji hafungi juzuu akaenda zake na njaa, bali sinia huletwa, watu wakakaa wanne wanne, na aliyefiwa hujiona amepunguziwa mzigo kila mkono unapokutana na mkono mwingine katika wali. Kwa hiyo tulipotoka magofuni hatukusema kwamba ziara imekwisha. Tuliteremka Kunduchi Pwani, madau yalikokuwa yamevutwa mchangani, tukanunua vibua, na mama mmoja mwenye jiko la mkaa akatuchomea kwa chumvi na ndimu tu.

Vibua ndio samaki ambao mke wa shemeji aliwasifu sana katika maelezo yake, kwa kuwa Wajapani nao huwapaka chumvi, wakawachoma, wakawala na wali mweupe usiotiwa nazi wala chumvi, mchuzi mwepesi wa miso, yaani soya iliyochachushwa, na achari kidogo kandoni. Alituambia kwamba mchuzi wao hupata ladha yake kwa samaki wa jamii ya jodari aliyepikwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hata akawa mgumu mithili ya ubao, kisha akaparwa vipande vyembamba na kuchemshwa kwa kitambo kifupi. Mke wangu, aliyelelewa kwa mchuzi wa ng'onda na papa mkavu, alilipokea hilo kama habari ya jamaa waliopotezana. Kuhusu samaki mbichi alisita. Akakubali, hata hivyo, kwamba kisu kikali, samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo na mikono safi ni masharti ambayo mpishi yeyote wa pwani huyaelewa, na kwamba wali wa siki wanaouviringisha kwa mwani si ajabu kubwa kwa watu ambao Unguja wanalima mwani tangu mwaka 1989, ingawa wao huupeleka ng'ambo badala ya kuupika.

Tulikaa pale hata maji yakaanza kujaa, tukizungumza mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi: karo, mama yake anayeumwa miguu, kiwanja tulichokiacha bila ya kujenga. Mke wangu alisema tangu watoto wazaliwe hatujawahi kula chakula kimoja tangu mwanzo hadi mwisho bila ya mmoja wetu kuinuka.

Anayetaka kufuata njia yetu, na apande gari la Tegeta au Bunju, ashuke Mtongani, aulize magofu, kwa kuwa wenyeji huyajua hata kama hawayatembelei. Mahali hapo pana mlinzi, basi amwone kwanza na alipe kinachotakiwa. Avae nguo ya staha na viatu vya kufunika vidole, maana kuna miiba, achukue maji, asipande juu ya ukuta wala kugusa vipande vya kauri vilivyobaki. Samaki wa Kunduchi Pwani wanunuliwe asubuhi, madau yanaporudi, kabla wachuuzi hawajawabeba kwenda mjini.