Kichupa cha unga kinachoamua soko la dawa ya utumbo

Mesalazini ghafi huuzwa kwa kilo na kwa pipa kama malighafi nyingine yoyote ya kiwandani, bei ikijadiliwa kwa mkataba. Dawa hiyohiyo ikitiwa ndani ya kichupa cha miligramu mia moja au mbili, kikabandikwa lebo ya famakopia, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, huuzwa kwa mamia ya dola. Kemikali ni ileile. Kinacholipiwa ni uhakika. Kichupa hicho ni kemikali rejea, au standadi kama wanavyoiita wanamaabara, na ndicho kipimo ambacho kila toleo la vidonge hulinganishwa nacho kabla ya kwenda sokoni.

Mesalazini, inayoitwa mesalamine huko Marekani, hutuliza uvimbe wa utumbo mpana, hasa ule ugonjwa wa vidonda unaoweza kumfanya mgonjwa aharishe damu kwa miaka. Chimbuko lake ni sulfasalazini, dawa ambayo daktari Nanna Svartz wa Sweden aliiendeleza pamoja na kampuni ya Pharmacia akilenga maumivu ya viungo. Mwaka 1977, Azad Khan na Truelove na wenzao wa Oxford walionyesha kwamba sehemu ya sulfasalazini inayotibu utumbo ni mesalazini. Tangu hapo ushindani wa kibiashara umekuwa kwenye ganda la kidonge, kwa sababu mesalazini ikimezwa bila kinga hufyonzwa mapema kabla ya kufika inakotakiwa. Marekani iliruhusu Asacol mwaka 1992, Pentasa mwaka 1993 na Lialda mwaka 2007. Mwaka 2017 kampuni ya Zydus ya India ikapata kibali cha kuuza nakala ya Lialda. Mvumbuzi na mwenye nakala wote wanahitaji kichupa kilekile.

Sababu ni namna upimaji unavyofanyika. Mashine ya kromatografia haijui mesalazini ni nini. Inachora kilele kwenye skrini, na ukubwa wa kilele hicho hauna maana mpaka ulinganishwe na kilele cha kemikali ambayo usafi wake unajulikana. Tuseme kichupa cha standadi kimeachwa wazi kikanyonya unyevu, usafi ukashuka hadi asilimia 97, huku mkemia akiendelea kupiga hesabu kwa 100. Kidonge chenye asilimia 88 tu ya dawa iliyotajwa kwenye pakiti kitasomeka kuwa na karibu 91. Kikomo cha chini kikiwa 90, toleo zima lililostahili kukataliwa linapita, na hakuna aliyedanganya. Na mesalazini si kemikali ya kuachwa hovyo: ikikaa kwenye hewa na mwanga huanza kugeuka rangi.

Kuna jaribio jingine linalotegemea standadi hiyohiyo. Vidonge vyenye ganda hutumbukizwa kwanza ndani ya asidi mfano wa ile ya tumboni, kisha ndani ya kimiminika kisicho na ukali huo, na mkemia hupima dawa imetoka kiasi gani kila hatua. Ganda likipasuka mapema, kidonge kinaweza kuwa na dawa kamili na bado kisimfae mgonjwa.

Kwa mtazamo wangu, biashara yenyewe hasa iko kwenye vichafuzi. Njia mojawapo ya kutengeneza mesalazini hutumia anilini, kwa hiyo lazima ithibitishwe kwamba haikubaki. 4-aminofenoli nayo hutafutwa kwa makini, kama inavyotafutwa kwenye parasetamoli, kwa kuwa inadhuru figo. Kila kichafuzi kina standadi yake, kwa kawaida miligramu chache tu, na kwa uzito mara nyingi huwa ghali kuliko standadi ya dawa yenyewe. Anayenunua kwa ajili ya dawa moja hujikuta analipia vichupa vingi.

Wauzaji wakubwa ni wachache. USP, famakopia ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1820 na yenye makao Rockville, si shirika la faida, lakini sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na standadi. Ulaya ina taasisi ya ubora wa dawa, EDQM, mjini Strasbourg, ambayo tangu mwaka 2010 hutunza pia standadi za Shirika la Afya Duniani. Pembeni yao zipo kampuni za Merck na LGC. Toleo jipya la standadi likitoka, la zamani huwekewa ukomo wa matumizi, na maabara hulazimika kununua upya hata kama kichupa bado kina unga.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoumia. Maabara ya taifa ya Kenya, NQCL, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ile ya mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambayo sasa ni TMDA, ikafuata mwaka 2011. Wataalamu wapo na mashine zipo. Lakini dawa ya wagonjwa wachache huleta sampuli chache, na kichupa cha mamia ya dola kikitumika mara mbili kisha kikapitwa na wakati, kila kipimo kinakuwa ghali mno. Bajeti kwa haki huelekea kwanza kwenye malaria na viuavijasumu. Hata hivyo sulfasalazini, chimbuko la mesalazini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa wake ana haki ileile ya kupimiwa dawa.

Njia ipo, na nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zimeifuata kwa miaka mingi: kununua malighafi safi, kuipima kwa pamoja katika maabara za nchi kadhaa dhidi ya standadi kuu, kisha kugawana vichupa kama standadi za daraja la pili. Kichupa kimoja cha Strasbourg au Rockville hivyo huzaa mamia ya vingine. Nawaomba wakuu wa mamlaka za dawa za Jumuiya ya Afrika Mashariki waanze na dawa chache ambazo maabara zao zote zinazihitaji, na sulfasalazini iwe mojawapo.