Kasha la bibi lisifichwe stoo

Wahenga hawakukosea walipotuusia kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Zitazame kumbi za kuingilia katika nyumba nyingi za wafanyakazi, mijini na hata mashambani. Utakuta maua ya plastiki, saa ya ukutani iliyopakwa dhahabu ya bandia, kabati la mbao za kubandikwa lililoanza kuvimba kwa unyevu, na pengine picha ya maporomoko ya maji ambayo mwenye nyumba mwenyewe hajui yako nchi gani. Ilhali katika chumba cha nyuma, chini ya magunia ya makaa na madebe yaliyotoboka, limelala kasha la msaji alilokuja nalo bibi siku alipoingia nyumba hiyo akiwa biarusi.

Nia yangu leo, ndugu msomaji, ni kulitetea kasha hilo. Nadai kwamba mahali pake hasa ni ukumbini, na kwamba anayeupamba ukumbi wake kwa samani moja kongwe hufanya kazi mbili kwa mpigo: huipendezesha nyumba na huiokoa kumbukumbu. Najua wapo watakaonijibu kuwa mapambo ni anasa ya matajiri, na kwamba mwalimu anayehesabu senti hadi mwisho wa mwezi hana haja ya mawaidha ya namna hii. Nawaomba wanivumilie. Kasha la bibi halinunuliwi. Limo nyumbani tayari.

Tuanzie Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Wajenzi wa nyumba za mawe za karne ya 18 mjini humo waliujua uzito wa mahali pa kuingilia. Mgeni atokaye njiani hupokewa kwanza na daka, kibaraza chenye vikalio vya mawe ubavuni. Akiupita mlango hujikuta tekani, na kutoka hapo ndipo afikapo kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Njia hiyo haikunyooka. Hupinda makusudi, ili mpita njia asiweze kutupa jicho hadi kwa wenyewe. Hivyo basi, kabla mgeni hajafika msanani kunakokaliwa, nyumba imekwisha kumsalimu, kumpima na kumfunza adabu.

Jambo la pili linalofaa kuzingatiwa ni upana. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Wajenzi hawakuinung'unikia hali hiyo. Walizipaka kuta chokaa nyeupe, wakazichonga zidaka, na katika weupe huo wakaweka vitu vichache vilivyochaguliwa: sahani za kaure, vitabu, kiti kimoja cha heshima. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ukumbi wa nyumba yake ya kupanga ni mwembamba kama kichochoro, na akumbuke kwamba wembamba haukuwazuia watu wa Lamu kuishi kwa fahari.

Kiti hicho cha heshima ndicho kiti cha enzi. Ni kiti kirefu cha mgongo ulionyooka, kilichoundwa kwa mti mweusi kama mpingo, kikapambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, na kikasukwa kwa uzi mahali pa kukalia na pa kuegemea. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu asili yake, wengine wakielekeza kidole Misri, wengine India, wengine Ureno. Lisilobishaniwa ni kazi yake: alikikalia mgeni mheshimiwa au mzee, na kikiwa kitupu kilikuwa bado kinasema. Anayetaka kukiona na azuru Jumba la Makumbusho la Lamu.

Wengi wetu hatukurithi viti vya enzi. Kasha, hata hivyo, lilienea zaidi. Mengine yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, mengine yakaundwa na mafundi wa pwani yetu wenyewe. Yakapigwa misumari na mabati ya shaba kwa nakshi, na ndani yake pakatengwa kijisanduku cha vito. Humo biarusi aliweka leso zake, dhahabu yake, udi wake na nyaraka za ukoo. Na asidhani msomaji wa bara kwamba maneno haya hayamhusu. Kigoda cha Mkamba kilichotiwa nakshi ya nyaya za shaba, au kiti cha miguu mitatu alichokalia babu akitoa hukumu za kijiji, kina haki ileile.

Basi samani hii itawekwaje? Kanuni ya kwanza ni kwamba iwe moja. Kasha, kigoda, ngoma, mkuki na kibuyu vikirundikwa pamoja huugeuza ukumbi kuwa duka la watalii. Ichague ile yenye historia unayoweza kuisimulia, kisha iache itawale. Iegemeze kwenye ukuta unaokabili mlango, ili jicho la aingiaye litue juu yake kwanza. Ukuta huo uwe mweupe au wa rangi tulivu, kwani nakshi huonekana vyema penye utulivu. Juu ya kasha tundika kioo au picha moja ya wazee. Juu ya mfuniko weka sinia ya shaba au chetezo, wala usiweke televisheni. Chini tandika mkeka. Acha nafasi ya kumtosha mtu aliyebeba mtoto kupita bila kujigonga.

Kanuni ya pili ni utunzaji. Mbao kongwe haipendi jua la moja kwa moja wala mvua inayorushwa na upepo. Iinue kidogo kutoka sakafuni kwa vigingi vifupi, maana unyevu na mchwa hupandia chini, na uikague mara kwa mara usije ukapata imebunguliwa. Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Zaidi ya yote, usimruhusu fundi aikwangue kwa msasa na kuipaka vanishi ing'aayo kama kiatu cha polisi. Weusi ule ulioachwa na mikono ya vizazi hauuzwi dukani, na ukishakwanguliwa haurudi.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Katika ukoo wetu lilikuwapo kasha kama hilo, nalo lilikaa stoo kwa miaka mingi. Mwaka mmoja karo ya kijana wetu ilipokosekana, akatokea dalali aliyelitajia bei. Wazee waligawanyika. Mmoja akauliza, na swali lake lilikuwa la haki, kama elimu ya mtoto haikuwa bora kuliko sanduku la marehemu. Shangazi hakubishana naye. Alilitoa kasha stoo, akalipangusa, akaliweka ukumbini, kisha akatuomba tungoje wiki moja. Katika wiki hiyo kila aliyeingia aliuliza habari zake, na kila aliyeulizwa alilazimika kuzijua. Mwishowe jamaa walichanga karo. Kasha lingali pale.

Simlaumu auzaye kwa njaa. Tumbo halina subira. Ninayemlaumu ni yule auzaye kwa dharau, kwa kuwa hakuwahi kukijua alichonacho. Kisichoonekana husahauliwa, na kilichosahauliwa huuzwa kwa bei ya kuni. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hupenda kuanza kwa kuuliza kilichomo stoo. Tena ifahamike kwamba hili si suala la hiari ya familia peke yake. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kifaa kinachohamishika kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, vitabu na nyaraka zikiwa kando, huhesabiwa kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa Kenya bila kibali. Na kama kina pembe ya ndovu, biashara yake ina makatazo mengine mazito.

Lakini sheria hulinda mpakani. Haiwezi kuingia stoo ya kila mtu. Ulinzi wa hakika ni mtoto anayepita mbele ya kasha kila asubuhi akienda shule, akajua ni la nani, lilitoka wapi, na kwa nini halikaliwi na viatu. Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Wapeni wanafunzi kazi ya insha: kila mmoja akaulize nyumbani kwao ni kifaa gani kikongwe kuliko vyote, nani alikileta, na sasa kimewekwa wapi. Nanyi wanafunzi, msingoje kuambiwa. Waulizeni bibi na babu zenu mapema, wangali nanyi, kwani kasha lisilo na msimulizi ni mbao na shaba tu. Mkishapata jibu, ombeni ruhusa ya wazazi, yaondoeni magunia ya makaa, mkilete kifaa hicho mbele, karibu na mlango, mahali wageni wanapovua viatu.