Ziwa Tanganyika ndani ya nyumba: maji kwanza, samaki baadaye

Ujerumani, Ubelgiji, Marekani na Japani, kuna watu wanaoweka nyumbani masanduku makubwa ya kioo ambamo wanaogelea samaki wadogo wa asili ya ziwa Tanganyika. Wanawalipia bei, wanawasomea vitabu, wanawatafutia maji yanayofanana na ya kwetu. Lakini Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, ziwa hilohilo linajulikana zaidi kwa ndagala, mukeke na sangala wanaofika sokoni. Samaki wadogo wa kwenye mawe na wa ndani ya maganda ya konokono hawashibishi mtu, kwa hiyo watoto wengi wa mwambao wanakua bila kuwaangalia kwa karibu.

Sanduku la kioo la kufugia samaki, yaani akwariamu, linaweza kubadilisha hali hiyo nyumbani au darasani. Tatizo ni kwamba wengi wanaojaribu wanaanzia mwisho: wanatafuta samaki leo, wanajaza maji jioni, na baada ya siku chache wanaokota mizoga. Kumbe mwenye akwariamu anachofuga kwanza ni maji. Maji yakiwa mazima, samaki wanaishi wenyewe.

Samaki wasiopatikana pengine

Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: RDC, Tanzania, Burundi na Zambia. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofika karibu metre 1.470. Ndani yake mna aina karibu 250 za samaki wa jamaa ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani katika ziwa lingine lolote duniani.

Dunia ya sayansi ilianza kuwafahamu vizuri kupitia kazi za watu kama Max Poll, mtaalamu wa samaki kutoka Ubelgiji, aliyeshiriki katika safari kubwa ya uchunguzi wa ziwa hilo mwaka 1946 na 1947. Baadaye Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi, alichapisha mwaka 1978 kitabu juu ya samaki wa Tanganyika. Tangu wakati huo wafugaji wa Ulaya na Marekani hawakuacha kuwatafuta.

Kuchagua samaki kulingana na sanduku

Si kila samaki wa ziwa anafaa kwa nyumba. Kuhe, anayependwa mezani, anaweza kupita sentimetre 80; kumfungia ndani ya kioo ni kumtesa. Tropheus, wale wa rangi nyingi wanaokula majani ya juu ya mawe, ni wadogo, lakini ni wagomvi. Wanahitaji kundi kubwa na sanduku refu.

Kwa mwenye kuanza, wanaofaa zaidi ni wale wanaoishi ndani ya maganda. Neolamprologus brevis ni mmoja wao. Hazidi sana sentimetre 5 au 6, na mara nyingi dume na jike wanagawana ganda moja. Ganda lenyewe kwa kawaida ni la konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense, ambaye naye haishi mahali pengine ila katika ziwa hili. Konokono akifa, nyumba yake inabaki chini ya mchanga, na samaki anaingia. Humo anajificha, anataga mayai na kulinda watoto. Mtu akisogeza mkono, samaki anaingia ndani ghafla. Baada ya muda kidogo kichwa kinatokea mlangoni. Kwa mtoto anayetazama, hilo peke yake ni somo la biolojia.

Sanduku, meza na mawe

Sanduku la urefu wa sentimetre 80, upana 35 na kimo 40 linabeba maji karibu litre 110. Kwa samaki wa maganda linatosha kabisa. Sanduku dogo sana si rahisi zaidi kama wengi wanavyofikiri: maji machache yanachafuka haraka na yanabadilika joto haraka.

Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimetre 6 hadi 8 na silikoni isiyochanganywa na dawa ya kuua ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki pia. Silikoni iachwe ikauke wiki nzima. Kisha sanduku lijazwe maji nje ya nyumba na liachwe siku mbili au tatu. Kama linavuja, afadhali livujie uani kuliko juu ya kitanda.

Kabla ya hapo, meza ipimwe. Maji, mchanga, mawe na kioo vikijumlishwa, uzito unapita kilo 150. Meza ya kawaida ya mbao nyepesi haiwezi kuubeba. Iwe imara, iliyosawazishwa, na iwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa jua linapasha maji na kuotesha kijani kwenye vioo.

Mawe yanatangulia, mchanga unafuata. Samaki hawa ni wachimbaji. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litaanguka siku watakapochimba chini yake, na linaweza kuvunja kioo. Baadaye mchanga mwembamba uliooshwa vizuri unamwagwa kwa kina cha sentimetre 5, na juu yake maganda yanatawanywa, zaidi ya idadi ya samaki ili wasigombane. Maganda yachukuliwe yaliyo matupu, machache, na yachemshwe kwanza.

Maji ya ziwa si maji yoyote

Mwenye kuishi Ulaya anachanganya chumvi za madini ili kuiga maji ya Tanganyika. Mkaaji wa Kalemie anayo mlangoni. Maji hayo yana pH kati ya 8,6 na 9,2, yaani yako mbali na ukali wa ndimu na karibu zaidi na upande wa sabuni, na yamejaa madini. Sababu moja ni mto Rusizi, unaoleta chumvi za madini kutoka ziwa Kivu. Nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayotoka ziwani yanapanda hewani kwa joto. Njia pekee ya kutoka kama mto ni Lukuga, pale Kalemie. Maji yanapanda, madini yanabaki.

Hata hivyo, si pwani yote ya kuchotea. Uvira na Kalemie zinajulikana kwa magonjwa ya kipindupindu yanayorudi mara kwa mara. Maji yachotwe mbali na mifereji na midomo ya mito inayopita katikati ya mji, na kila aliyegusa maji ya akwariamu anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Anayetumia maji ya robine ayaache kwanza masaa 24 katika chombo wazi ili dawa ya klori ipungue, na awekee sanduku lake mawe ya chokaa yatakayosaidia pH isishuke.

Wiki sita bila samaki

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Samaki anapumua na kutoa uchafu. Mabaki ya chakula yanaoza. Vyote vinazaa amonia, ambayo ni sumu. Ziwani amonia inapotea katika maji mengi. Ndani ya litre 110 haina pa kwenda, isipokuwa kuwe na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Bakteria hao wanakaa juu ya mchanga, mawe na sifongo ya chujio, na wanahitaji wiki nne hadi sita ili waongezeke vya kutosha.

Kwa maji ya Tanganyika jambo hili ni zito kuliko kwa maji mengine. Katika maji ya pH 7, chini ya sehemu moja kati ya 100 ya amonia ndiyo iko katika hali yenye sumu kali. Katika pH 9, kwenye joto la nyuzi 25, ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana uchafu uleule ambao samaki wa mto angeuvumilia unaua samaki wa ziwa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo sanduku linajazwa, pampu inawashwa, na kila siku inatupwa chembe ndogo ya chakula ioze na kulisha bakteria. Kwa macho, hakuna kinachotokea. Mwenye vipimo vya matone ataona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Vyote viwili vikifika sifuri, ndipo samaki wanaingia. Asiye na vipimo amalize wiki sita nzima, aanze na samaki wawili tu, na kuongeza baada ya mwezi.

Umeme ukikatika

Chujio rahisi la sifongo linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa linatosha kwa sanduku hili. Pampu ya namna hiyo inatumia wati 5 hivi. Kwa masaa 24 ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina karibu wati-saa 240. Ikitumiwa nusu ili isiharibike, inabeba pampu siku nzima. Paneli ya jua ya wati 50 inaweza kuijaza tena siku yenye jua. Pampu ikisimama muda mrefu, si samaki tu wanaokosa hewa: bakteria ndani ya sifongo wanakufa pia, na sumu inarudi.

Joto ni hesabu nyingine. Ziwa lenyewe kwa juu liko karibu nyuzi 24 hadi 28, na nyumba za Uvira au Kalemie mara nyingi hazihitaji kipasha maji. Bukavu na Goma, kwenye kimo cha karibu metre 1.500, usiku ni baridi. Kipasha cha wati 100 kitamaliza betri hiyo ndogo kwa muda mfupi. Umeme ukikosekana usiku, wa miinuko atalazimika kulifunika sanduku kwa blanketi na kuacha nafasi ya hewa juu.

Kazi ya kila wiki

Samaki waletwe na mvuvi au mzamiaji anayejua kuwapandisha polepole, kwani anayetolewa ghafla kutoka kwenye kina anavimba tumbo na kufa. Wasafiri ndani ya maji ya ziwa, kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na jua. Anayetaka kuwavua kwa biashara aulize kwanza kibali kwa huduma za serkali zinazosimamia uvuvi.

Chakula ni kidogo, mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili: viluwiluwi vya mbu, wadudu wadogo wa maji, unga wa ndagala wakavu wasio na chumvi. Si mkate, si bukari. Kila wiki bidoni moja ya litre 20 inatolewa na nyingine ya maji mapya yenye joto sawa inaingizwa. Sifongo inakamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa, kamwe si chini ya robine, ili bakteria wabaki hai.

Somo kwa ziwa lenyewe

Kwa mtu anayehangaika kila siku na unga, haya yote yanaweza kuonekana mchezo wa wenye nafasi. Ni haki kusema hivyo. Lakini sanduku moja katika shule linaonyesha kitu ambacho ni vigumu kukiona kutoka ufukweni.

Mwanafunzi akitikisa mchanga mchafu ndani ya akwariamu, ataona matope yakitua juu ya mawe na kuziba milango ya maganda. Ndicho kinachotokea ziwani mvua inapokokota udongo wa milima iliyokatwa miti. Mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba pale udongo mwingi unapoingia ziwani, aina za viumbe vinavyoishi kwenye mawe zinapungua. Wakaaji wa Uvira waliona udongo huo kwa macho Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu. Matope yaliyobomoa nyumba za watu yalimalizia safari yao ndani ya nyumba za samaki.

Ziwa ni kubwa, linavumilia kwa muda mrefu bila kuonyesha. Sanduku la litre 110 linajibu usiku uleule.

Jambo la mwisho kwa atakayechoka na akwariamu yake: asimwage samaki popote. Tropheus peke yao wana rangi zaidi ya 100 zinazotofautiana pwani kwa pwani. Wa Moba akiachiliwa Uvira anaweza kuchanganya kizazi ambacho kimechukua maelfu ya miaka kujitenga. Samaki apewe mfugaji mwingine. Na anayetaka kuanza leo, asitafute samaki. Atafute meza imara, fundi wa vioo na bidoni sita za maji safi, kisha ahesabu wiki sita.