Mumbo: Pepo wa Ziwani na Jina Lake Katika Gusii

Mji wa Keroka umekaa mpakani, upande mmoja ukiwa Nyaribari Masaba katika Kaunti ya Kisii na upande wa pili Kitutu Masaba katika Kaunti ya Nyamira, katika nchi ya vilima vya chai na migomba iliyo mbali na Ziwa Viktoria. Hata hivyo, pepo aliyetikisa zaidi historia ya Abagusii, yaani wenyeji wa vilima hivyo, alitoka ziwani, na jina lake, Mumbo, liliwafikia kutoka kwa jirani zao Wajaluo.

Ugeni wa jina hilo hauwezi kueleweka bila kutazama kwanza majina yaliyokuwapo. Abagusii walimjua Mungu mmoja, Engoro, aliyeuanzisha ulimwengu lakini hakuingilia mambo ya wanadamu moja kwa moja, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya ebirecha, yaani mizimu ya wazee waliokufa. Mizimu hiyo haikutolewa sadaka mpaka ionyeshe hasira yake kwa ugonjwa, kwa kifo cha mtu au mifugo, au kwa kuharibika kwa mazao. Hapo ndipo watu wa nyumba walipomwendea omoragori, mpiga ramli ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, ili awaeleze chanzo cha balaa na sadaka inayotakiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba ebirecha ilikuwa ya ukoo. Babu aliyekufa aliwadai watoto wake na wajukuu wake, wala watu wa ukoo mwingine hawakuwa na sababu ya kulitaja jina lake.

Mumbo hakuwa babu wa mtu yeyote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913, huko Alego katika nchi ya Wajaluo, nyoka mkubwa aliyetoka ziwani alimmeza mtu aitwaye Onyango Dunde, kisha akamtapika akiwa hai na kumtuma awatangazie watu kwamba yeye Mumbo, mwenye makao ziwani na kwenye jua, ndiye wa kuabudiwa. Wafuasi walitakiwa wasinyoe nywele, wavae ngozi badala ya nguo za kigeni, na watoe sadaka za ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa mujibu wa ujumbe wake, dini ya Wakristo ilikuwa imeoza, na Wazungu wangetoweka. Ujumbe huo ulipanda milimani upesi, ukawakuta watu waliokuwa na makovu mapya, maana majeshi ya Waingereza yalikuwa yameipiga nchi ya Gusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na nyuma ya majeshi zikaja kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliufikia mji wa Kisii, Waingereza wakauacha kwa muda, na wenyeji wakapora mji pamoja na misheni. Kwa aliyekwisha kusikia habari za Mumbo, haikuwa vigumu kuamini kwamba utabiri unatimia.

Hapa ndipo matumizi ya jina yanapostahili kuangaliwa kwa makini. Jina la mzimu wa ukoo lingewakusanya watu wa ukoo huo tu, lakini jina lisilo la ukoo wowote liliweza kutajwa na wote bila mmoja kujiona amejiweka chini ya mababu wa mwingine. Abagusii hawakulipokea jina hilo tupu. Walilifungamanisha na Sakawa, mtabiri wa Abagetutu, yaani watu wa Kitutu, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye hukumbukwa kwa kutabiri ujio wa Wazungu. Wafuasi wa Mumbo walitazamia kwamba Sakawa atarudi. Kwa njia hiyo pepo wa maji ya mbali alipata mlango wa kuingilia katika boma la wenyeji.

Wengine walilitumia jina lilelile kinyume kabisa. Katika mafundisho ya misheni, ya Wakatoliki walioanzisha Nyabururu mwaka 1911 na ya Waadventista walioanzisha Nyanchwa mwaka 1912, nyoka anayedai sadaka hakuweza kuwa kitu kingine ila shetani. Kwa maofisa wa serikali Mumbo lilikuwa jina la kosa, na viongozi kadhaa wa dini hiyo walikamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Yapo madai kwamba Mumbo hakuwa na haki ya kuhesabiwa katika mila za Abagusii kwa sababu alikuwa mgeni. Hoja hiyo ni dhaifu. Nyasae, jina ambalo Wakristo wa Gusii humwita Mungu hadi leo, nalo lilitoka kwa Wajaluo, wanaosema Nyasaye, na likachukua nafasi ya Engoro bila mtu kuliona kuwa haramu. Njia iliyomleta Nyasae ndiyo iliyomleta Mumbo, na tofauti ya hatima zao haikutokana na asili ya majina bali na nguvu ya waliokuwa wakiyatamka. Dini ya Mumbo ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1954, na mwandishi wa mila za Abagusii anayemtaja pepo huyo katika sura ya ushirikina peke yake, bila kumtaja katika sura ya upinzani dhidi ya ukoloni, ameandika nusu ya habari zake.