Kilebu na mtoto wa paka: Mzaha usije ukatumbua usaha

KATIKA mitaa mingi ya miji yetu, mbwa huletwa nyumbani kwa sababu ya wezi naye paka huletwa kwa sababu ya panya. Aghalabu wote wawili huja wangali wachanga, tena huja karibu wakati mmoja. Familia inapohamia nyumba yenye ua, baba hurudi jioni na kilebu wa jamii ya German Shepherd au Rottweiler. Kabla mwezi haujaisha, mama naye hupewa mtoto wa paka na jirani.

Juma la kwanza huwa ni kicheko. Watoto huacha hata televisheni ili watazame jinsi wawili hao wanavyofukuzana chini ya meza. Lakini kufikia mwezi wa pili au wa tatu, kicheko huanza kupungua. Kilebu amekua haraka, paka angali mdogo. Sasa kilebu humkandamiza mwenzake kwa mguu, humtia kichwa kinywani, na pengine humburuta kwa shingo kutoka sebuleni hadi jikoni huku paka akilia.

Huenda wewe, msomaji, unaishi na wanyama wawili wa aina hii na unajiuliza: Je, niwaache wazoeane wenyewe? Ni wivu? Au nimeleta mbwa katili nyumbani?

Jibu ni kwamba mara nyingi kilebu huyo hana ubaya wowote. Anacheza. Lakini usalama wa mchezo hupimwa kwa nguvu za aliye mdogo, si kwa nia ya aliye mkubwa. Kilebu anaweza kumuua mtoto wa paka bila chembe ya hasira moyoni. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa wanyama wenyewe.

Isitoshe, hii si habari ya wanyama pekee. Wanapovurugana, mkono unaoingia katikati ili kuwatenganisha mara nyingi huwa ni wa mtoto wako.

Tofauti ya uzani na ya lugha

Mtoto wa paka wa majuma manane kwa kawaida hana uzani wa kilo moja kamili. Kilebu wa German Shepherd mwenye umri wa miezi minne aweza kuwa na kilo 15 au zaidi. Mguu wake mmoja ukimwangukia paka kifuani, ni sawa na wewe kuangukiwa na gunia la mahindi.

Umri huo pia ndio wa kubadilisha meno. Kati ya miezi minne na sita, kilebu hupoteza meno ya utotoni na kuota yale ya kudumu. Ufizi humwasha, naye hutafuna kila akipatacho: viatu, miguu ya viti na, akikosa vingine, paka.

Fauka ya hayo, wanyama hawa hawachezi kwa lugha moja. Vilebu hucheza kwa kuumana na kuangushana. Wakiwa pamoja na ndugu zao, anayeuma kwa nguvu husikia mwenzake akilia na mchezo ukakatika. Hivyo hujifunza kulegeza taya. Kilebu aliyeondolewa kwa mamaye kabla ya kutimiza majuma manane huenda hakulipata somo hilo.

Paka naye hucheza kwa kuvizia, kuruka na kutumia kucha. Anapojilaza chali mbele ya mbwa, si kwamba amesalimu amri. Anatayarisha miguu yote minne kwa vita. Mbwa anapotikisa mkia mara nyingi amefurahi, lakini paka anayepiga mkia huku na huku ameudhika. Kilebu hajui hayo mpaka afunzwe.

Mchezo au uwindaji?

Kabla ya kuingilia kati, jifunze kutambua unachokitazama. Mchezo mwema huwa na zamu. Leo kilebu anamfukuza paka, punde paka anamvizia kilebu. Kilebu huinamisha kifua chini na kuinua makalio juu, kinywa kikiwa wazi na mwili ukiwa umelegea. Huwa na vituo: husimama, hupumua, kisha huanza tena. Na paka, akiachiliwa, hurudi mwenyewe.

Mchezo uliozidi huonekana kwa paka. Masikio hulala nyuma, manyoya husimama, hufoka na kutafuta pa kujificha. Akitoroka naye kilebu akamfuata hadi uvunguni, mchezo umekwisha hata kama kilebu hajui.

Dalili mbaya kuliko zote ni kimya. Kilebu anayesimama wima kama mti, kinywa kimefungwa, akimkazia paka macho bila kupepesa, hachezi tena. Anawinda. Vivyo hivyo yule amkamataye paka shingoni au mgongoni na kumtikisa. Ukiona haya, watenganishe mara moja, wala usiwakutanishe tena kabla ya kupata ushauri wa daktari wa wanyama.

Panga nyumba kwanza

Watu wengi huanza na kiboko. Anza na nyumba. Paka hujihisi salama akiwa juu, kwa hiyo mpe mahali pa juu pasipofikika: rafu, juu ya kabati au kando ya dirisha. Hakikisha anaweza kupanda bila kupitia mdomoni mwa mbwa. Kwa paka mdogo ambaye bado hawezi kuruka, weka kigoda au sanduku kuwa ngazi.

Mpe pia chumba kimoja kisichoingiwa na mbwa. Kama huna chumba cha ziada, funga mlango wa chumba cha kulala kwa kamba ili uache mwanya unaompitisha paka pekee. Humo weka maji, chakula na sinia ya mchanga wa kujisaidia. Kwa anayeishi katika chumba kimoja, katoni imara iliyokatwa mlango mdogo na kuwekwa juu ya meza itafaa.

Walishe mbali mbali. Chakula huwafanya hata marafiki wakagombana. Tena kilebu hupenda sana kuiba chakula cha paka, na hata kula kinyesi chake akapata minyoo. Usimlishe paka chakula cha mbwa siku zote, kwani huenda kikakosa kiasi cha kutosha cha taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa kwa muda mrefu hudhurika moyo na macho.

Samaki mkunje angali mbichi

Baada ya nyumba, mfunze kilebu. Kama bado hawajakutana, waache wajuane kwa harufu kwanza. Mpanguse paka kwa kitambaa, kisha kiweke kitambaa hicho karibu na malazi ya kilebu. Nawe ufanye vivyo hivyo kwa upande wa pili. Baada ya siku chache, waache watazamane kupitia mwanya wa mlango.

Wanapokutana, kilebu awe amefungwa kamba shingoni nawe umeishika. Chagua wakati ambapo ametoka kutembezwa na kuchoka. Dakika tano hadi kumi zatosha. Akimtazama paka kisha akakugeukia wewe, mpe kipande kidogo cha nyama na umsifu. Akijirusha, usimfokee, mwondoe kwa utulivu na mchezo uishie hapo. Polepole ataelewa kwamba utulivu huleta nyama na fujo huleta upweke.

Mfundishe maneno mawili tu kwanza: "Kaa" na "Njoo". Afundishwe wakati paka hayupo, mpaka ayatii bila kusita. Kilebu anayeitika anapoitwa ndiye unayeweza kumwamini.

Usimpige. Mbwa anayechapwa kila paka anapopita hujifunza kwamba paka ndiye aletaye maumivu, na siku utakapokuwa haupo atalipiza. Pia usimshike paka mikononi mbele ya kilebu anayerukaruka. Paka atakapoogopa atapanda mwilini mwako, na kucha zake zitapitia usoni.

Kuna desturi nyingine mijini inayochochea matata haya: kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumwachilia usiku. Kilebu aliyefungiwa saa kumi hutoka na nguvu za saa kumi, na kitu cha kwanza kinachokimbia mbele yake ndicho hupata taabu. Mtembeze asubuhi na jioni, na umpe vitu vyake mwenyewe vya kutafuna.

Hadi kilebu akomae, wawili hawa wasiachwe pamoja bila mtu mzima. Kwa mbwa wa jamii kubwa, kukomaa huko kwaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mweleze pia yaya na mlinzi. Kazi yote uliyoifanya itaharibika ikiwa mchana, ukiwa kazini, kuna mtu anayewachochea ili acheke.

Wakishikana

Usitie mkono. Mbwa aliyesisimka hauma kwa kuchagua, na paka aliyeogopa hamjui bwana wake. Gonganisha vifuniko viwili vya sufuria, warushie blanketi, au mwagia kilebu maji. Kama ana kamba, mvute kwa kamba hiyo. Mto wa kochi au kipande cha ubao chaweza kuingizwa katikati.

Wafunze watoto jambo moja tu: wakiona vita, waite mtu mzima, wasikaribie.

Mmoja wao akijeruhiwa

Jeraha la paka aliyeumwa na mbwa hudanganya. Ngozi yake ni nyepesi, na utaona tundu dogo tu kama la sindano, kumbe ndani misuli imechanika, mbavu zimevunjika au mapafu yametoboka. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo hata akionekana anatembea. Iwapo anapumua kwa kinywa wazi, ufizi wake umekuwa mweupe, au hajakojoa, usikawie hata saa moja. Paka aliyepumzika kwa kawaida hupumua kati ya mara 20 na 30 kwa dakika. Ukihesabu zaidi ya hapo ilhali amelala, kuna jambo.

Usimpe paka dawa ya paracetamol. Kidonge kimoja cha mtu mzima chaweza kumuua. Usimpake wala kumwogesha kwa dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye permethrin au amitraz. Hizo ni sumu kwake. Hata baada ya kumwogesha kilebu kwa dawa hizo, mweke paka mbali naye kama daktari atakavyoelekeza, kwani huweza kumlamba akadhurika.

Kilebu naye huumia, hasa machoni. Akifumba jicho moja, likatoa machozi au likawa na ukungu, huenda ukucha umekwaruza mboni. Usimtilie dawa ya macho iliyobaki kabatini. Nairobi, unaweza kupata msaada katika zahanati za wanyama mitaani au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Binadamu akiumwa

Ukiumwa au kukwaruzwa mpaka damu itoke, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitalini. Usipake pilipili, mafuta ya gari wala majani. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani sana. Kidonda hujifunga juu huku usaha ukitunga chini, na mkono waweza kuvimba ndani ya siku moja.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, kupona ni muujiza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huwa wameumwa na mbwa. Nchini Kenya kisa cha kwanza kilithibitishwa mwaka 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Mpango huo unategemea kila mwenye mbwa.

Kilebu adungwe chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka pia, maana naye huambukizwa. Hifadhi kadi zao mahali pamoja na za watoto. Mnyama aliyemuuma mtu asiuawe ovyo. Afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende hospitalini, na akianzishiwa chanjo asikatize dozi.

Yafaa kusema ukweli pia: kuna wanyama wachache wasiopatana kamwe. Ikiwa miezi imepita na paka angali anaishi uvunguni, haendi chakulani na anakonda, kumtafutia nyumba nyingine si aibu. Ni huruma.

Lakini wengi hupatana, wakipewa nafasi na mipaka. Jioni ya leo, zima televisheni uwatazame kwa dakika 10. Hesabu ni mara ngapi kilebu amemfukuza paka, na ni mara ngapi paka amerudi kwa hiari yake. Kama paka harudi, usingoje kesho kumfunga kilebu kamba.