Ayubu hakunyamaza: Kitabu cha mateso katika darasa la Kiingereza

UKIMWULIZA mtu yeyote kati ya Nyanza-Lac na Kigoma habari za Ayubu, atakujibu kwa neno moja: subira. Wa kanisani atasema hivyo, na wa msikitini atasema hivyo hivyo. Hata mchuuzi aliyezuiliwa siku mbili pale Manyovu na magunia yake ya dagaa, wenzake humwambia awe na subira ya Ayubu.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tumelisikia neno hilo kuliko wengine. Tuliambiwa tukiwa kwenye foleni ya mgao wa chakula. Tukaja kuambiwa tena huku nyumbani, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi kusubiri kesi za mashamba ambayo wazee wetu waliyaacha mwaka 1972 na kuyakuta yana watu.

Kitabu chenyewe, ndugu msomaji, kina sura 42. Subira inayosifiwa imo katika sura mbili za mwanzo. Kuanzia sura ya tatu Ayubu anafungua kinywa, anailaani siku aliyozaliwa, na maneno yake hayaishi mpaka sura ya 31. Katika makazi ya wakimbizi nilikokulia, mkoani Tabora, mahubiri yaliruka kutoka sura ya pili moja kwa moja hadi ya mwisho, pale mali inaporudi maradufu. Hizo za katikati tuliachiwa wenyewe, na nani alikuwa na Biblia yake?

Nilikuja kuzitazama kwa makini kwa sababu ya mpwa wangu. Wazazi wake walikuwa kambini Tanzania wakati Marekani ilipoanza, kuanzia mwaka 2007 hivi, kuchukua maelfu ya Warundi wa mwaka 1972. Walikwenda naye akiwa mtoto. Mwaka 2013, akiwa sekondari huko, alinipigia simu usiku. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amewapa kitabu cha Ayubu wakisome na kukiandikia insha.

"Mjomba, shikamoo. Mbona huku Ayubu analalamika?" aliniuliza. "Kule kambini si tuliambiwa alinyamaza?"

Nilishangaa kwanza kwamba shule ya serikali ya Marekani inafundisha Biblia. Kumbe sheria yao ina mpaka. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, ilikataza shule za umma kuwasomea wanafunzi Biblia kama ibada. Lakini hukumu hiyo hiyo ilisema kuisoma kama fasihi na historia kunaruhusiwa. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza hahubiri na hakejeli. Anauliza maswali anayouliza juu ya tamthilia yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anajua nini ambacho mwenzake hakijui, na ushahidi wako uko mstari gani.

Ukikisoma Ayubu kwa maswali hayo, mambo yanageuka.

Chukua wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Siku saba walikaa chini naye bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipoanza kusema ndipo walipoharibu. Kila mmoja kwa njia yake anamwambia kwamba mtu hapati mabaya hivi hivi, lazima kuna alilofanya. Ni nani kati yetu hajasikia hayo? Tuliporudi mwaka 2008 na 2009 walikuwapo waliotutazama kwa jicho hilo, kama kwamba aliyekimbia ana lake. Sasa angalia sura ya mwisho: Mungu anawakasirikia marafiki hao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, na anawatoza mafahali saba na kondoo waume saba. Mlalamikaji ndiye aliyeshinda. Mhubiri akiruka sura za katikati, msikilizaji hawezi kujua ni maneno gani hayo yaliyokubaliwa.

Na hayo maneno ni ya mahakamani. Ayubu anataka shauri lake lisikilizwe. Anataka shahidi, anataka mwamuzi, na katika sura ya 31 anadai mshitaki wake aandike mashitaka ili yeye ayabebe begani watu wayaone. Mtu aliyewahi kuzunguka na faili la shamba kutoka ofisi hadi ofisi ataelewa kiu hiyo ya kupewa karatasi. Tena lile neno la sura ya 19 ambalo Biblia zetu huandika Mteteaji au Mkombozi, katika Kiebrania ni goeli. Kwa sheria za Waisraeli wa kale, goeli ni ndugu wa karibu mwenye wajibu, pamoja na mengine, wa kulikomboa shamba la ukoo lililokwenda mikononi mwa wengine. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Mpwa wangu hakuandika juu ya shamba, wala juu ya marafiki. Alichagua watu ambao mimi nilikuwa nimewapita bila kuwaona. Katika sura ya kwanza wanakuja wajumbe wanne, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anasema ng'ombe na punda wametekwa na Waseba, wa pili kwamba moto umewateketeza kondoo, wa tatu kwamba Wakaldayo wamechukua ngamia, na wa nne kwamba nyumba imewaangukia watoto. Kila mmoja anamalizia kwa kusema kwamba ameokoka yeye peke yake. Baada ya hapo kitabu hakiwataji tena.

Binti akauliza katika insha yake: walikwenda wapi? Walikula nini jioni ile? Aliandika kwamba aliwaona wazazi wake wakiwa kama wajumbe hao, wakisimulia yaliyowapata mbele ya ofisa mmoja, kisha mbele ya mwingine, na kila mara wakitakiwa wayasimulie kwa mpangilio ule ule. Mwenye ngamia ana kitabu chake. Mchungaji wa ngamia aliyebaki hai ana mstari mmoja. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na sijasahihisha insha iliyonifunza kuliko hiyo, ingawa sarufi yake ilikuwa bado inachechemea.

Darasa lao walisoma pia tamthilia ya Archibald MacLeish iitwayo J.B., iliyotolewa mwaka 1958 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Humo Ayubu ni tajiri wa Kimarekani, na wanaoigiza Mungu na Shetani ni wachuuzi wawili wazee wa uwanja wa sarakasi, mmoja akiuza maputo na mwingine bisi. Wauza bidhaa wa Mugina wangefurahi kuona wenzao wamepewa kazi kubwa namna hiyo.

Si lazima kwenda Marekani kuipata hadithi hii nje ya mimbari. Kiswahili kina Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner, Mwingereza, aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kurani nayo inamtaja Nabii Ayubu, jinsi alivyoambiwa apige ardhi kwa mguu yakatoka maji ya kuogea na ya kunywa. Katika visa vya Kiislamu mkewe, Rehema, ni mwaminifu hadi kuuza nywele zake ili mumewe ale. Katika Biblia mke huyo hana jina na amepewa kauli moja tu, nayo si nzuri. Jambo hilo peke yake lingetosha kipindi kizima.

Nami mwaka juzi nilijaribu sura chache katika klabu yetu ya Kiingereza ya alasiri. Nina vijana waliozaliwa huku na wengine waliozaliwa makambini, na nilitaka waone kwamba mtu anaweza kulalamika kwa hoja, kwa sentensi kamili, bila matusi. Walipofika kwenye hotuba ya Mungu na wale wanyama wawili wa ajabu, Behemothi na Lewiathani, ambao wasomaji wengi huwafananisha na kiboko na mamba, hawakuhitaji picha. Anayekaa kando ya Tanganyika anamjua kiboko anayetoka usiku kula majani. Lililowakera ni kwamba katika hotuba yote hiyo Ayubu haambiwi chanzo cha mateso yake. Yeye anaulizwa maswali tu. Kijana mmoja alisema kwamba hata mahakama yetu ya tarafa hutoa sababu za hukumu.

Tukafika mwisho. Kondoo 7,000 wamekuwa 14,000, ngamia 3,000 wamekuwa 6,000. Niliwaagiza wahesabu na watoto. Mwanzo ni kumi, mwisho ni kumi. Darasa likatulia. Mifugo imerudi maradufu, lakini kwa watoto mwandishi hakujaribu hesabu hiyo, na wale waliokufa hawakurudi.

Kisha msichana mmoja akaona kwamba wanaotajwa kwa majina ni mabinti watatu, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Kwa mila zetu binti hahesabiwi katika shamba la baba, na kila aliyekuwamo mle darasani alilijua hilo. Wasichana walitaka mstari huo usomwe tena. Wavulana wakadai lazima uliongezwa baadaye. Niliwaambia wavulana walete ushahidi, na nambari ya mstari, kabla ya Ijumaa.